Majina ya Nyuma ya Daftari

Siku ya tatu ya kamati, Mzee Sugow Kerrow aliamka amechoka hata kabla ya kutia miguu kwenye makubadhi. Si kwamba kazi yenyewe ni ya kubeba mawe. Ni kukaa tu kwenye kiti cha plastiki na kuwasikiliza watoto wa watu wakitaja majina ya mababu zao. Lakini kukaa nako kunachosha, asikudanganye mtu, hasa ukiwa umekaa kumpima mwenzako kama ni wa hapa au si wa hapa. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na rohoni alikuwa na jambo lililomchoma tangu alfajiri: leo ilikuwa zamu ya Idil.

Mwaka huo utaratibu ulikuwa bado haujaondolewa. Kijana wa Garissa akitaka kitambulisho hakupewa hivi hivi kama wenzake wa Nairobi. Alisimama kwanza mbele ya wazee. Walimuuliza baba yako nani, babu yako nani, na huyo babu ni mtoto wa nani, mpaka majina yamfikie mtu ambaye ukoo wake unajulikana. Wasomali huiita orodha hiyo abtirsi, na mtoto wa miaka saba huwa ameshaikariri pamoja na Alhamdu. Anayeshindwa kuitaja hurudishwa nyumbani akajiulize yeye ni nani.

Idil alikuwa amerudishwa mara mbili.

Mama yake, Maka, ni mzaliwa wa hapa hapa, muuza maziwa ya ngamia sokoni, na kitambulisho anacho tangu ujana wake. Kisheria hilo lingetosha. Lakini wazee hawakuwa wakisoma sheria, walikuwa wakihesabu majina, na majina humfuata baba. Baba yake Idil alikuwa Naseer, Mpakistani wa Multan, fundi wa mashine za kuchimba visima, aliyekuja kutafuta maji, akaoa, akafa. Idil alipoulizwa abtirsi alisema ukweli: Idil Naseer Bashir Gulzar. Basi. Majina matatu juu ya lake, na hakuna hata moja lenye ukoo hapa. "Hii msichana haina watu," mwenyekiti Abdirizak alisema mara ya kwanza. Mara ya pili hakusema kitu, aliisukuma karatasi pembeni tu.

Na Sugow alikuwa wapi? Mara ya kwanza alikuwa Wajir, akimuuguza dada yake. Mara ya pili alikuwepo. Alikaa pale pale, kiti cha tatu kutoka dirishani, akamwona binti wa rafiki yake akirudishwa, na ulimi ukamganda. Alijiambia atamwona Abdirizak faraghani, na hakumwona. Tusimfiche, mtu mzima na mvi zake, aliogopa kuonekana anatetea mgeni.

Sasa Idil alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amemaliza kozi ya uuguzi na kupata kazi kwenye zahanati moja karibu na Balambala. Jumatatu ilimpasa aripoti na kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kusubiria, na leo ilikuwa Alhamisi. Asipokuwa nayo, nafasi ingekwenda kwa mwingine. "Mara hii niachie mimi," Sugow alimwambia Maka jana yake. Maka alimtazama, akaendelea kusugua vibuyu vyake vya maziwa. Ahadi za Sugow alikuwa amezizoea.

Asubuhi hiyo alichukua daftari nene la jalada la kijani, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka.

Daftari hilo lina habari yake. Zamani Sugow alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya visima, na Naseer ndiye fundi. Walizunguka pamoja kuanzia Liboi mpaka Wajir, na mashine ikishazimwa hapakuwa na la kufanya ila kunywa chai. Msomali hawezi kukaa na mtu bila kumuuliza yeye ni wa nani, na huko porini, kwa kukosa watu wa kuuliza, Sugow alianza kuyauliza maneno. Naseer akitamka neno la Kiurdu, Sugow anauliza baba yake nani. Naseer alijua, kwa sababu mzazi wake alikuwa mwalimu wa Kifursi, yaani Kiajemi, huko kwao.

"Waqt? Huyo Mwarabu," Naseer angesema. "Kitab, kursi, dunya, wote Waarabu. Zameen, yaani ardhi, huyo Mfursi. Dost, rafiki, Mfursi. Rang, ambaye ninyi mmemchukua mkamwita rangi, Mfursi pia."

"Na paani?"

Hapo Naseer alitabasamu, maana paani ni maji, na maji ndiyo yaliyomleta. "Paani ni mwenyeji. Ni mtoto wa Kisanskriti. Wageni walipofika walimkuta nyumbani, pamoja na ghar, nyumba, na haath, mkono, na raat, usiku."

Sugow alichora safu tatu, ya Waarabu, ya Wafursi na ya wenyeji, na kuandika. Aliona jambo akalipenda: mengi ya kitabuni na ofisini yalikuja na wageni, lakini mtu akiwa na kiu, au mkono ukimuuma, alirudi kwenye maneno ya wenyeji. Miaka ikapita, Naseer akafa, na Sugow akaendelea peke yake na kamusi kuukuu aliyoagiza kutoka Mombasa. Ikawa ndiyo tabia yake. Mtu akisema mbele yake kwamba neno fulani ni la Kiarabu na silo, Sugow hukereka kama aliyeibiwa mbuzi. Kulibandika neno baba asiye wake, husema, ni dhuluma. Mji mzima ulimjua kwa hilo na ulimcheka kwa hilo.

Ukumbini feni ilizunguka bila kuleta upepo. Foleni ilikuwa imefika nje hadi kwenye jua. Kwa ajili ya ofisa wa usajili, kijana mpole wa kutoka Kitui asiyejua Kisomali, kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kiliwachosha wazee kama safari ya mchana.

"Wazee, tuharakishe kidogo," ofisa alisema. "Serikali inataka orodha kesho."

"Muulize Sugow serikali ni mtoto wa nani," Abdirizak akasema, na wazee wakacheka.

"Wa Kifursi," Sugow akajibu, maana hakuweza kujizuia. "Sar ni kichwa, kar ni kazi. Ikawa sarkar, ikapita India, ikaja kwetu serikali."

"Kumbe serikali nayo haina kwao," mzee Nuh akadakia kutoka kiti cha pembeni. "Ingesimama mbele ya kamati hii tungeirudisha."

Wakacheka tena, na Sugow akacheka nao. Wakaja vijana kumi, kumi na watano. Mmoja alisahau jina la saba akakumbushwa na shangazi yake kutoka mlangoni. Mwingine alitaja majina ishirini na mawili bila kuvuta pumzi, akapigiwa muhuri kabla hajamaliza. Kisha likaitwa jina la Idil.

Aliingia na bahasha yake kifuani, buibui limejaa vumbi la foleni. Hakumtazama Sugow. Sugow alikuwa ameshapanga maneno: akitaja majina yake matatu, atasimama, atasema baba yake nilimjua, nilikula naye miaka kumi, mimi ni shahidi. Alishaanza kujiinua, mkono kwenye goti.

"Taja," Abdirizak akasema, bila kuinua kichwa.

"Idil," msichana akasema. "Idil Sugow Kerrow Khalif Gedi Hirsi..."

Na akaendelea. Alikwenda mpaka jina la kumi na tisa kwa sauti ya chini, bila kukosea hata moja, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Hata wale wa mlangoni waliacha kusukumana.

Sugow alibaki katikati, hajakaa wala hajasimama. Alijua majina hayo yametoka wapi, maana yeye ndiye aliyempa. Idil alikuwa na miaka saba, babake hajamaliza mwaka kaburini. Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakishindana kutaja abtirsi, na yeye alipofikia Gulzar akakwama, wakamzomea. Alikuja kwa Sugow analia mpaka kwikwi. Sugow alimkalisha barazani, na kwa siku mbili akamfundisha majina ya kwao mwenyewe, Sugow Kerrow Khalif, mpaka juu kabisa. "Wape haya, wanyamaze," alimwambia. Mtu yule yule anayenuna neno moja likipewa baba wa uongo. Aliona ni jambo la kumbembeleza mtoto tu, atakua atasahau. Mtoto hasahau, jamani. Alichokariri akiwa na machozi ndicho kinachokaa.

Abdirizak alikuwa ameinua kichwa, na kwa mara ya kwanza kwa siku tatu uso wake ulilainika. "Kumbe," akasema. "Watu walisema, mimi nikakataa. Sugow, hii ni yako?"

Muhuri ulikuwa mezani, umefunuliwa. Ilikuwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Idil angetoka na karatasi yake, Jumatatu angekuwa Balambala amevaa sare, na Sugow angekwenda nyumbani kulala. Lakini jioni hiyo hiyo Maka angeitwa jina baya kwenye kila kibanda cha maziwa. Na Naseer, aliyelala makaburini tangu zamani, angefutwa kana kwamba hakuwahi kukanyaga Garissa. Na akikataa? Kalamu ya ofisa ilikuwa wima, na aliyetaja uongo mbele ya serikali ana kesi ya kujibu. Sugow alimtazama msichana kumwomba msaada, kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtoto. Idil akamtazama hatimaye.

"Mara mbili nimesema ukweli, adeer," alisema. "Nikarudishwa."

Alimwita adeer, baba mdogo, mbele ya watu wote. Hata katika uongo wake hakuweza kumwita baba. Sugow alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, aibu halisi, si ile ya kuogopa watu.

"Majina ni yangu," akasema. "Mtoto si wangu. Ni wa Naseer, na Maka ni mke wa halali wa Naseer, nikahi yao nilikuwa shahidi. Hayo majina nilimfundisha mimi akiwa na miaka saba. Bwana ofisa, kama unaandika uongo, andika kwa jina langu."

Ofisa hakuandika. Abdirizak aliweka miwani mezani taratibu.

"Mzee mzima unamfundisha mtoto abtirsi ya uongo?"

"Walimcheka chuoni. Nikaona mimi majina ninayo mengi, nikamgawia."

"Majina si tende, ya kugawa. Na sasa tumerudi pale pale. Hana watu."

"Anao," Sugow akasema. "Ninao hapa."

Akalitoa daftari mfukoni. Wazee waliguna, wakidhani anataka kuanza maneno yake ya Kifursi. Aligeuza akafungua nyuma, ukurasa wa mwisho, ulioandikwa kwa Kiurdu kwa mkono usio wake. Kule porini, siku moja, alikuwa amemgeuzia Naseer swali: na wewe, abtirsi yako? Naseer alifika kwa Gulzar akakwama, na ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Akamwandikia ami yake mkubwa Multan. Barua ya majibu ilichukua miezi minne. Naseer aliyanakili majina hayo mwezi aliozaliwa Idil, nyuma ya daftari la Sugow, maana huko, alisema, hayatapotea. Na alipokuwa hospitali na homa iliyomuua, aliweka mkono juu ya jalada la kijani akasema neno moja, amaanat. Sugow alijua ni la safu gani: Kiarabu. Kiurdu, Kisomali, Kiswahili, wote wanalo, wote maana moja. Hakuwa na kisingizio cha kutoelewa.

Akawaeleza kwa kifupi habari ya ile barua, akaanza kusoma, kidole chini ya kila jina. "Idil. Naseer. Bashir. Gulzar. Rahmat. Shehbaz."

Abdirizak alianza kuhesabu kwa vidole, bila kujijua, kwa mazoea. Nuh naye.

"Karim. Firoz. Jamal. Dilawar." Sugow akasita. Yalibaki matatu, na haya matatu ndiyo yaliyomfunga mdomo miaka yote. Yale ya kwanza yalikuwa ya Kiarabu na ya Kifursi, ya Waislamu watupu, yangepita popote. Haya ya mwisho yalikuwa ya safu ya tatu. Alikuwa amewaza watoto wa chuo wakiyasikia, akawaza walimu wao, akalifunga daftari.

"Endelea," Abdirizak akasema. "Umefika tisa."

"Dharam," Sugow akasoma. "Jagat. Suraj."

"Hizo ni majina ya nini?" mzee mmoja wa nyuma akauliza.

"Ya watu. Dharam ni njia ya haki. Jagat ni ulimwengu. Suraj ni jua. Ni Kisanskriti. Walikuwa hawajasilimu. Dilawar ndiye aliyesilimu, na ukoo mzima unamhesabu yeye."

Mzee wa nyuma alianza kusema kitu kuhusu makafiri kwenye kamati ya Waislamu. Nuh akamkata. "Wewe mwenyewe ukipanda juu sana unamkuta nani? Babu zako walizaliwa na tasbihi mkononi?" Watu wa mlangoni wakacheka, na mzee akageukia dirishani kwa hasira.

Abdirizak alikuwa bado anavitazama vidole vyake. "Kumi na mbili," akasema. "Mtu wa mbali namna hiyo, na akawatafuta kwa barua." Alisugua macho. Alikuwa na miaka sabini na minne, na nje bado kulikuwa na vijana themanini. "Wakati wote huu, Sugow, unayo. Mara ya pili, ulikuwa kwenye kiti hicho hicho, unayo."

"Ninayo."

"Ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya."

Abdirizak alivuta karatasi ya Idil, akaweka sahihi, akagonga muhuri. Kisha akasema, bila ukali, kwamba kiti cha tatu kutoka dirishani hakina mtu tena kuanzia sasa. Sugow alikubali kwa kichwa. La ajabu ni kwamba magoti hayakumuuma aliposimama. Alijisikia kama mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kutoka shule.

"Mimi nilihitaji kitambulisho cha mama tu," ofisa akamnong'oneza Idil wakati akimpaka wino vidole. "Nimewaambia tangu Jumanne."

Sugow alimngoja nje, ubavuni mwa ukuta palipokuwa na kivuli chembamba. Idil alitoka akiipeperusha karatasi ya kusubiria ikauke, vidole kumi vyeusi. Sugow alidhani atafurahi. Alidhani labda atalia, naye alikuwa tayari kumbembeleza. Idil alisimama mbele yake akamtazama kama mgonjwa ambaye dawa yake ilikosewa miaka mingi.

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu ulipozaliwa."

"Na ulipokuwa unanifundisha ya kwenu, pale barazani. Daftari lilikuwa wapi?"

Sugow angeweza kusema hakumbuki. "Ndani," akasema. "Kwenye kasha, karibu na mlango."

"Hatua ngapi?"

Sugow aliinamia makubadhi yake. Zilikuwa kama nne.

"Niliogopa watakucheka zaidi," akasema baadaye. "Yale ya mwisho. Niliwaogopa wale watoto wa chuo."

"Wale watoto wana watoto wao sasa, adeer." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Kila usiku nikilala nilikuwa nayarudia ili nisisahau. Sugow Kerrow Khalif Gedi. Nikimwombea baba yangu dua, majina yanayonijia mdomoni ni ya babu zako. Miaka kumi na tano."

Pikipiki ilipita, vumbi likapanda, wote wawili wakafumba macho. Sugow alitafuta la kusema kwa Kisomali, kwa Kiswahili, kwa Kiurdu. Maneno alikuwa nayo maelfu, na baba zao wote akiwajua. Hakupata hata moja.

"Nitakuchania ukurasa," akasema mwishoni. "Nitakuandikia kwa herufi unazosoma."

"Usichane." Idil alinyosha mikono yake miwili yenye wino. "Nipe lote. Kuyasoma nitajifunza."

Lilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya maisha yake ndani, safu tatu, kila neno na kwao. Alitaka kumwambia kwamba bado hajamaliza herufi ya nun, kwamba kamusi iliyo nyumbani, peke yake bila daftari, haina maana, kwamba amngoje hata mpaka Jumapili. Kisha akakumbuka mkono wa Naseer juu ya jalada, na neno lile ambalo halikuwa na haja ya kutafsiriwa.

Akampa. Vidole vya Idil viliacha alama nyeusi kwenye jalada la kijani, kumi zote. Aliondoka kuelekea sokoni kwa mama yake, akitembea polepole, na Sugow alimsikia anaanza upya kwa sauti ndogo, Idil, Naseer, Bashir, Gulzar. Hapo akakwama. Alisimama akageuka, akamngoja amwambie linalofuata.

"Rahmat," Sugow akasema.